Anemoni Amepauka: Soma Dalili, Tafuta Sababu, Kisha Mlishe

Jioni moja ya Februari mtoto wa kaka yangu, anayefuga anemoni, mnyama wa baharini, kwenye tangi la maji ya chumvi, alinipigia simu kutoka Pasua, Moshi. "Shikamoo shangazi." Nikaitikia, na kabla sijamuuliza habari za nyumbani akaendelea: "Shangazi, anemoni yangu imependeza kweli. Imekuwa nyeupe pee, mpaka usiku inang'aa chini ya taa ya buluu." Nikamwambia apunguze taa, apime joto la maji, halafu anipigie tena. Akapima. Digrii 31.

Anemoni wake alikuwa ameanza kufa njaa, na yule kijana alikuwa akimpiga picha.

Mtaona nasema "amepauka" na si "imepauka". Wengi humtaja kama ua kwa sababu hana macho wala mapezi, na ukishamwona ua utamhudumia kama ua: utamwekea mwanga na maji, basi. Huyu ni mnyama. Ana mdomo, ana tumbo, ana mguu wa kushikia jiwe, na anaweza kuishi sana. Kule Edinburgh, Uskoti, alikuwepo anemoni aliyeokotwa baharini mwaka 1828, akatunzwa ndani ya chupa ya kioo hadi 1887, na aliyemwokota akatangulia kufa.

Hawa wa kitropiki tunaowafuga, wanaokaa na samaki klauni, wana jambo la ziada. Ndani ya ngozi ya minyiri yao, ile mikono laini inayouzunguka mdomo, huishi mwani wa seli moja, zooksanthela, wenye rangi ya kahawia au dhahabu. Mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji sehemu kubwa ya chakula chake, naye huupa makao na taka zake uzitumie kama mbolea. Joto au mwanga ukizidi, mwani huanza kutoa aina ya oksijeni inayounguza seli za mwenyeji. Mwenyeji huutema. Kinachobaki ni ngozi tupu, na ngozi yake tupu ni nyeupe au karibu kama kioo. Ndiyo maana weupe huu hauna dawa ya dukani. Mwenye nyumba kapoteza jiko lake, na kazi yako ni kumlisha kwa mkono hadi jiko lijengwe upya, huku ukiondoa kile kilicholibomoa.

Je, kweli amepauka?

Zima taa ya buluu. Hiyo hudanganya kuliko kitu chochote kwenye tangi, kwa sababu rangi zinazong'aa chini yake hazitokani na zooksanthela. Washa tochi ya simu, mmulike kwa mwanga mweupe, na tazama shina la mnyiri, pale unapoota kwenye sahani ya mdomo. Anemoni mwenye afya ana pale rangi ya chai ya maziwa, au kahawia, au kijani cha zaituni. Hata yule mwekundu anayeuzwa ghali, ukimwangalia karibu utaona kivuli cha kahawia chini ya wekundu wake.

Usihadaiwe na ncha za zambarau. Ncha hizo hubaki hata mwani ukiisha wote. Heteractis crispa mara nyingi huuzwa akiwa mwili mweupe na ncha za zambarau, na watu hudhani ndivyo alivyozaliwa. Baharini huyo ni wa kahawia au kijivu-kahawia. Na ukimkuta wa njano kali ya limau kuanzia mguu hadi mdomo, mtilie shaka: wapo wanaopauka kwanza, kisha wakatiwa rangi kama kitambaa ili wauzike. Rangi hiyo huchujuka baada ya wiki kadhaa, na mnunuzi hujilaumu kwamba kamharibu yeye.

Yuko hai, au tayari anaoza?

Hili ulijue kabla ya mengine yote, kwa sababu anemoni aliyekufa ndani ya tangi dogo anaweza kuua samaki wote kwa usiku mmoja.

Mdomo wa aliye hai umefumba kama tundu la kifungo. Ukifunguka kidogo wakati anatoa taka, kisha ukafumba, hakuna neno. Kusinyaa nako peke yake si tatizo: kila baada ya siku chache anemoni hutoa maji yote mwilini, akawa kama mfuko uliopasuka, akatema nyuzi za kahawia, halafu akajaa tena ndani ya saa kadhaa. Mgeni wa mambo haya akimwona hivyo mara ya kwanza hupata homa. Mwache.

Hatari ni hii: mdomo ulio wazi mchana na usiku, matumbo yamechomoza nje, mguu umeachia jiwe na hautaki kushika tena, na ngozi inachanika ukielekeza mkondo wa maji juu yake, ikiruka vipande kama ute wa bamia. Ukimtoa nje ya maji, harufu itakuambia iliyobaki. Huyo ondoa mara moja, badilisha maji kama theluthi moja, weka mkaa wa chujio mpya, na upime amonia, sumu itokanayo na kuoza, asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Mweupe, mdomo umefumba, mguu umeshika: huyo anaponyeka, hata akiwa mdogo kama kikombe cha kahawa.

Alifika kwako akiwa mweupe tayari

Hapa kwetu hii ndiyo hali ya kawaida. Anatoka Pwani, anakaa kwa muuzaji gizani au chini ya taa hafifu, kisha anafungwa kwenye boksi na kupandishwa basi. Dar hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Wa kwanza niliyemnunua alikuja hivyo, ndani ya buti ya basi, na nilipoupokea mfuko stendi ulikuwa na joto la chupa ya uji. Alikuwa mweupe, mnyong'onyevu, lakini mdomo umefumba. Nilimwua mwenyewe kwa mambo mawili niliyoyafanya kwa upendo: nilimweka chini ya taa kali ili "apate nguvu", na nikampa kambamiti mzima. Kambamiti alimtapika siku ya tatu akiwa ameoza. Anemoni akafa siku ya tisa.

Kwa hiyo ukipokea mweupe: uache mfuko uelee dakika 20 joto lilingane, kisha mdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba kwa muda wa saa moja. Muweke mahali pa chini, penye ufa wa jiwe la kuingiza mguu, mkondo wa wastani, mwanga hafifu. Mlango wa kila pampu wa kuvutia maji uvishe sponji siku hiyohiyo, asije akanyonywa. Usimlishe siku mbili za kwanza.

Na kama bado hujanunua, usimnunue mweupe kwa huruma. Muuzaji ataleta mwingine.

Alikuwa na rangi, akapaukia kwako

Anza na joto. Anemoni wengi hawa huishi vizuri kati ya digrii 24 na 27. Baharini, matumbawe huanza kupauka maji yakizidi digrii moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye miamba ya pwani yetu mwaka 1998, El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi. Anemoni walipauka pamoja na matumbawe. Moshi mwezi wa Januari na Februari chumba peke yake hufika digrii 30, ongeza taa na pampu, na tayari una 1998 yako sebuleni.

Feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha digrii mbili hadi tatu kwa kuyafanya maji yavukize. Chupa za barafu ni msaada wa dharura tu: chupa ya lita moja na nusu iliyoganda hushusha tangi la lita 240 kwa chini ya digrii moja, na ukitumbukiza nyingi kwa pamoja unambadilishia mateso. Kumbuka pia kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na sisi tuko juu. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo maji yetu huanza na oksijeni pungufu kabla hata joto halijapanda. Maandishi ya tangi yaliyoandikwa kwa watu wa pwani hayalisemi hili. Uso wa maji uwe na mawimbi muda wote.

Arusha shida huja pia kwa upande wa pili. Julai usiku hushuka hadi digrii 12 au 13, umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, hita haina la kufanya. Mimi hulizungushia tangi blanketi pande tatu, juu naacha wazi kwa hewa, na pampu ya hewa ya betri huwaka yenyewe umeme ukikatika. Ukiamka ukakuta digrii 20, usiharakishe kulirudisha. Liache lipande taratibu siku nzima.

Baada ya joto, chumvi. Kiangazi tangi langu la lita 240 hupoteza lita mbili hadi tatu kwa siku. Maji huvukiza, chumvi hubaki. Zikipungua lita 12 bila kujazwa, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu gramu 37 kwa lita, na wengine hujazia maji ya chumvi juu yake, wakaongeza tatizo. Jazia maji matamu kila siku, kidogokidogo. Uzito wa maji ya tangi ukilinganishwa na maji matamu ukae kati ya 1.024 na 1.026, upimwe kwa rifraktometa, kifaa cha kupimia chumvi. Kile kipimo cha mshale cha plastiki mimi nimekiacha.

Maji matamu ya kujazia yawe ya RO, yaani yaliyochujwa kwa kusukumwa kwenye utando. Upande wetu wa Meru visima vingi na baadhi ya mabomba yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, ileile inayotia kahawia meno ya watoto wetu. Maji ya bahari yana floridi yake tayari, miligramu 1.3 hivi kwa lita, na sioni sababu ya kumwongezea mnyama nyingine. Chumvi nayo iwe ya kuchanganyia maji ya bahari, ya mezani haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Wapo wanaoleta maji ya bahari kwa madumu kutoka Tanga. Ni maji mazuri yakichotwa mbali na mto, maji yakiwa yamejaa. Ila wakati wa masika msichote karibu na Pangani: mto ule hubeba maji ya Kilimanjaro na Meru pamoja na tope la mashamba yote ya njiani, na utakuwa umesafiri kutwa nzima kwenda kuchota mvua ya nyumbani kwako.

Mwanga: swali la kumwuliza mwenye tangi ni "umebadilisha taa lini?" Taa mpya ya LED ikiwashwa kwa nguvu zote siku ya kwanza hupausha anemoni kwa siku chache. Taa dhaifu au iliyozeeka nayo hupausha, ila polepole kwa miezi, na huyo utamwona anarefuka shingo kuelekea juu na kupanda kioo.

Sumu huwa ya mwisho kufikiriwa, na huua haraka. Dawa za samaki zenye shaba, kwa ajili ya ugonjwa wa vidoa vyeupe, haziingii kwenye tangi lenye anemoni. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo: pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuipeleka majini. Anemoni akisinyaa ghafla pamoja na konokono na kamba wako kulegea siku hiyohiyo, uliza ndani ya nyumba nani kapuliza nini. Jiko la mkaa sebuleni wakati wa baridi, madirisha yamefungwa, hushusha pH, yaani huyafanya maji yaelekee asidi, kwa hewa ya kaboni, fungua dirisha. Nalo si jambo la tangi tu, hewa ya mkaa huua watu.

Ukishindwa kupata sababu hata moja, tazama umri wa tangi. Chini ya miezi sita tangi halijatulia, hata vipimo vikiwa vizuri.

Mwanga wa mgonjwa

Asiye na mwani hana ngao. Anza taa kwa asilimia 30, saa nane kwa siku, kisha ongeza asilimia tano kila baada ya siku nne au tano. Akionekana kujikunja taa ikiwaka, rudi hatua moja, kaa hapo wiki. Kama taa yako haina cha kupunguzia, inyanyue, au fanya nilivyofanya mimi: nilikata chandarua cha zamani kilichofuliwa na kuanikwa mara nyingi, kisichotiwa dawa, nikakitandaza tabaka nne juu ya kioo cha kufunikia, kisha nikawa naondoa tabaka moja kila wiki. Dawa ya chandarua ni sumu kwake, kwa hiyo kama huna uhakika na chandarua chako, nunua wavu mweupe wa dirisha.

Kumlisha

Hapa ndipo anapopona au anapokufa.

Tumia kambamiti wa bahari, mbichi, asiyetiwa chumvi wala viungo. Dagaa wakavu hapana, sato wa ziwani hapana. Mmenye, mgandishe, kisha mkwaruze kwa kisu akiwa bado mgumu, upate ungaunga uliolowa. Kipande kikubwa kabisa kisizidi punje ya mchele. Loweka kwenye vijiko viwili vya maji ya tangi na uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Zima pampu zote. Mtege samaki upande wa pili kwa chakula chao, la sivyo watamnyang'anya. Sogeza bomba hadi karibu na minyiri na utoe kidogo tu, kama pumzi. Sasa tulia utazame. Aliyedhoofika hanati, mnyiri wenye afya hung'ang'ania kidole kama gundi, wake utaona chembe zinateleza na kuanguka. Lakini moja itabaki. Mnyiri utajikunja taratibu kuelekea katikati, kama mtoto anayepeleka tonge mdomoni akiwa na usingizi, na baada ya dakika tano au kumi mdomo utasogea na kuimeza. Siku hiyo ya kwanza chembe tatu zinatosha. Washa pampu baada ya dakika 15.

Rudia kila siku ya pili au ya tatu. Akitapika, umempa kubwa mno au mapema mno: punguza, ruka siku mbili. Vyote vilivyoanguka vivute utoe, nitrati ikae chini ya miligramu 20 kwa lita, amonia na nitriti ziwe sifuri. Unawe mikono, na usiguse macho baada ya kumshika, maana ana seli za kuchoma.

Anatembea, na klauni anamsumbua

Akihama mahali ulipomweka, amepakataa. Mfuate kwa mkondo na mwanga, usimbandue. Mguu uliochanika hupona kwa shida kuliko weupe. Akipanda juu anataka mwanga, akijificha nyuma ya jiwe mwanga ni mwingi.

Klauni ni suala la uamuzi. Taka zake ni mbolea kwa mwani, kwa hiyo anemoni mzima hufaidika naye. Lakini klauni jike aliyekomaa hujisugua kwa nguvu na kuupora mlo mdomoni, na mgonjwa mwenye upana wa kikombe hawezi kumstahimili. Mimi huwatenganisha kwa kikapu cha plastiki chenye matundu mapana, kilichogeuzwa juu ya anemoni.

Rangi inaporudi

Haitarudi kwa wiki moja. Wa kijana wangu wa Pasua, baada ya feni na taa iliyopunguzwa, alikaa mweupe Machi yote na Aprili yote. Alichokiona kwanza ni kunata: chembe zikaacha kuanguka. Kisha akaanza kuvimba mchana. Katikati ya Mei akanitumia picha, ya tochi safari hii: kwenye mashina ya minyiri michache upande mmoja palikuwa na kivuli kama cha chai iliyomwagika na kufutwa. "Shangazi, ni uchafu huu?" Nikamwambia asiguse kitu, taa ibaki palepale wiki mbili nyingine.

Kivuli hicho kikienea hadi nusu ya mnyiri, punguza milo iwe mara moja kwa wiki, endelea kuongeza taa kwa mwendo uleule, na uondoe kikapu asubuhi ya siku ambayo utakuwa nyumbani kutwa. Klauni akimrudia na anemoni akabaki amefunguka hadi jioni, waache pamoja. Akijifunga, rudisha kikapu, jaribu tena baada ya wiki tatu.